Kamera ya pili kwanza, lenzi ndefu itafuata

HAKUNA kocha wa Ligi Kuu Bara anayepanda basi kwenda Mbeya, Kigoma ama Bukoba akiwa na kipa mmoja tu. Hata kama kipa huyo ndiye Tanzania One, lazima benchi liwe na mwingine amevaa glovu. Akiumia dakika ya tano hakuna atakayesikiliza habari za straika wa bei mbaya aliyesajiliwa dirisha dogo.

Lakini kila wiki, pembeni ya viwanja hivyo hivyo, kuna watu wanaoingia mechi kubwa na kipa mmoja. Ni wapigapicha za soka, wale wenye vizibao wanaokaa nyuma ya goli. Wengi wao wana kamera moja. Ikizima, ikinyeshewa au memori kadi ikigoma, mechi imeisha hata kama refa ndiyo kwanza amepuliza kipyenga.

Ndiyo maana mpigapicha wa aina hiyo akishajibana miezi kadhaa na kupata fedha kidogo, swali huwa lile lile. Anunue bodi ya pili ya kamera, au anunue lenzi ndefu zaidi ya kuvuta mchezaji aliye mbali? (Bodi hapa ni ile kamera yenyewe bila lenzi, si Bodi ya Ligi.) Fedha inatosha kimoja, na akikosea atakaa na kosa lake msimu mzima.

Shabiki anaweza kuona hayo ni mambo ya watu wa kamera. Si kweli. Asubuhi baada ya dabi, kabla hajasoma mstari hata mmoja, shabiki anaangalia picha. Anataka kuona sura ya mfungaji, anataka kuona kama kweli beki alishika mpira. Kilichomo kwenye begi la mpigapicha ndicho kinachoamua ataona nini.

Jibu la tahariri hii liko wazi. Kwa mpigapicha za soka hapa nchini mwenye kamera moja na lenzi moja ya maana, kamera ya pili inakuja kwanza. Lenzi ndefu itafuata.

Lakini lenzi ndefu nayo ina hoja zake, tena nzito, na ni haki zisikilizwe.

Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mpigapicha anakaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni kidogo ya nguzo. Lenzi inayotumiwa sana kwenye soka ni zumu ya milimita 70 hadi 200. Kwa milimita 200, mchezaji aliye umbali wa mita 20, yaani ndani ya boksi la karibu, anaijaza picha kuanzia viatu hadi nywele. Hapo hakuna shida.

Mpira ukiwa katikati ya uwanja, umbali unakaribia mita 60. Mchezaji yule yule sasa anachukua robo tu ya kimo cha picha. Ukihamia boksi la upande wa pili umbali unafika kama mita 100, na mchezaji anabaki moja ya sita hivi. Hiyo ni picha ya majani yenye watu wadogo ndani yake. Ukiikata ili mchezaji aonekane mkubwa, inajaa chenga na gazeti likichapwa sura haitambuliki.

Kwa lenzi ya milimita 400, mchezaji yule wa mita 100 anachukua karibu theluthi moja ya kimo cha picha. Tofauti hiyo inatosha kuuza picha ukurasa wa mbele. Kwa Mkapa hali ni ngumu zaidi kwa anayepigia jukwaani, kwa sababu ile njia ya wakimbiaji inaongeza umbali kati ya viti na nyasi. Chamazi hakuna njia hiyo na mambo ni nafuu.

Kuna jambo la pili, nalo ni ushahidi. Juni 22, 1986, Uwanja wa Azteca kule Mexico, Diego Maradona aliruka na kipa Peter Shilton na kuupiga mpira kwa mkono. Mwamuzi alikuwa Mwafrika, Ali Bin Nasser wa Tunisia. Yeye na msaidizi wake hawakuuona mkono na bao likakubaliwa. Picha ziliuona. Hadi leo mabishano ya 'mkono wa Mungu' yanamalizwa na picha inayoonyesha ngumi ikiwa juu ya kichwa na mpira ukiwa juu ya ngumi. Mpigapicha asiyeweza kuvuta tukio la mbali anaacha mabishano ya aina hiyo bila jibu.

Kwa hiyo anayesema lenzi ndefu ni muhimu hajakosea. Tatizo liko kwenye mpangilio, kipi kitangulie.

Tuanze na bei. Lenzi mpya ya milimita 400 yenye uwazi wa f/2.8, ile nyeupe ama nyeusi kubwa inayoonekana kwenye mechi za Ulaya, inauzwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Hiyo ni zaidi ya Sh20 milioni, fedha inayonunua gari dogo la mtumba. Ina uzito wa karibu kilo tatu, na matoleo ya zamani yanazidi hapo, kwa hiyo lazima iwe na mguu wa kuibeba. Mpigapicha wa kujitegemea anayelipwa kwa picha anaweza kuota lenzi hiyo tu.

Kitakachotokea ni kwamba atanunua lenzi ndefu ya bei nafuu, kama zile za milimita 150 hadi 600 zenye uwazi unaoishia f/6.3. Mechi ya saa 10:00 jioni jua likiwa kali, lenzi hiyo ni mkombozi. Lakini f/6.3 inaingiza mwanga mara tano pungufu ya f/2.8. Soka linahitaji kamera ifunge na kufungua ndani ya moja ya elfu ya sekunde ili mguu wa mpigaji usionekane kama ukungu. Kwa huku giza huingia haraka. Kipindi cha pili kikifika katikati, lenzi hiyo inaanza kuomba poo. Kwenye mechi ya saa 1:00 usiku, tena uwanja wenye taa za kubahatisha, mpigapicha atapata chenga tupu. Amenunua urefu, amepoteza usiku. Na mechi nyingi kubwa siku hizi ni za usiku.

Sasa turudi kwenye kamera ya pili.

Kwanza, ni akiba, na akiba haiozi. Kamera ni mashine. Inaingia vumbi, inanyeshewa mvua ya masika, inagongwa na mpira uliopaa juu ya lango. Mwenye lenzi ya Sh20 milioni na kamera moja iliyozima hana tofauti na shabiki aliyekaa mzunguko, wote ni watazamaji. Mwenye kamera mbili za kawaida anaendelea na kazi.

Pili, na hapa ndipo wengi hawatazami vizuri, bao lina picha mbili. Ya kwanza ni ya mpira ukipigwa. Ya pili ni ya kinachofuata, na mara nyingi hiyo ndiyo shabiki anayoikumbuka. Fiston Mayele alipokuwa Yanga alifunga mabao mengi sana, lakini muulize shabiki yeyote picha iliyomkaa kichwani ni ipi. Atatetema hapo hapo.

Straika akishafunga hukimbilia kibendera cha kona, mashabiki au benchi. Mara nyingi hiyo maana yake ni kwamba anawafuata wapigapicha. Aliyekuwa mita 20 sasa yuko mita tatu na wenzake watano wamemrukia. Lenzi ya milimita 200 kwa umbali huo inatoa kichwa cha mmoja tu. Kinachotakiwa ni lenzi fupi, milimita 24 hadi 70. Kubadilisha lenzi, hata kwa mwenye mikono myepesi, ni sekunde kadhaa: fungua, chomoa, chomeka, zungusha, nyanyua. Ukimaliza wachezaji wanarudi katikati na refa anatazama saa. Tena kila ukifungua kamera kwenye viwanja vyenye vumbi, unalikaribisha ndani, na doa moja litatokea kwenye picha zote za mechi.

Mwenye kamera mbili habadilishi kitu. Moja ina lenzi ya kuvuta, nyingine ina lenzi fupi na inaning'inia begani. Anaachia hii, ananyanyua ile, sekunde moja. Anapata bao na anapata shangwe.

Tatu, picha nyingi za soka zilizoishi muda mrefu hazikuhitaji mpira kuwa unachezwa. Juni 7, 1970 kule Guadalajara, Brazil waliifunga England 1-0 katika Kombe la Dunia. Mpira ulipokwisha, Pele na Bobby Moore walivua jezi wakabadilishana, na John Varley akawapiga picha wakitazamana na kutabasamu. Leo wanaoijua picha hiyo ni wengi kuliko wanaokumbuka nani alifunga bao. Ni Jairzinho.

Aprili 12, 2005, San Siro, Inter na AC Milan zilikuwa kwenye robo fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mashabiki wa Inter walirusha mafataki, moja likampata kipa Dida begani na mechi ikasimamishwa. Katikati ya moshi ule mwekundu Marco Materazzi aliegemeza kiwiko begani kwa mpinzani wake, Rui Costa, wote wakatulia wanatazama. Stefano Rellandini wa Reuters akaibeba. Hakukuwa na pasi, chenga wala shuti. Kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari wakati wengine wanasubiri mpira uanze tena.

Kuwa tayari ndiko kunakonunuliwa na kamera ya pili.

Kuna siri nyingine ambayo mafundi wanaijua na chipukizi wengi hawaambiwi. Kamera ya pili ikichaguliwa kwa akili, inaleta na urefu kidogo ndani yake. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa (si ile ya kuhesabu watu). Kamera nyingi za bei kubwa zina sensa pana. Zile zenye sensa ndogo zinachukua eneo la kati tu la kile lenzi inachokiona, kwa hiyo mchezaji anaonekana mkubwa zaidi kwenye picha. Kwa Nikon hesabu ni mara 1.5, kwa Canon ni mara 1.6.

Maana yake ni kwamba lenzi ya milimita 200 ikifungwa kwenye kamera ya Nikon yenye sensa ndogo inavuta kama ya milimita 300, na kwa Canon kama ya 320. Uwazi wake wa f/2.8 unabaki pale pale. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 na Nikon D500 ya mwaka 2016 zilitengenezwa kwa kazi za mbio namna hii. Zote zinapiga picha 10 kwa sekunde na zina megapikseli zipatazo 20, zinazotosha kabisa kwa gazeti. Kwa kuwa si mpya tena, zinapatikana mtumbani kwa bei isiyofanana hata kidogo na ile ya lenzi kubwa.

Hapo mpangilio unakaa sawa. Kamera ya sensa ndogo inabeba lenzi ya 70 hadi 200 kwa ajili ya mbali. Ile ya zamani, kama ina sensa pana, inabeba lenzi fupi kwa ajili ya shangwe, benchi na majukwaa. Kwa ununuzi mmoja amepata kipa wa akiba na hatua kadhaa za kusogelea boksi la pili. Akitaka zaidi, kuna kipande kinachochomekwa kati ya kamera na lenzi, wenyewe wanakiita konveta. Cha mara 1.4 kinaigeuza 200 kuwa 280 na kupunguza mwanga kwa nusu. Mchana kinafaa, usiku kiachwe begini.

Ni kweli sensa ndogo inaleta chenga mapema zaidi taa zikiwa hafifu. Hilo halifichwi. Lakini picha yenye chenga kidogo iliyopigwa kwa f/2.8 bado ina nafuu kuliko ile ya f/6.3 chini ya taa zile zile.

Ushauri huu una mipaka yake. Mpigapicha ambaye bado anatumia ile lenzi fupi iliyokuja na kamera dukani asikimbilie kamera ya pili, atakuwa na makipa wawili na hana beki hata mmoja. Huyo atafute kwanza 70 hadi 200 ya f/2.8, hata ya mtumba. Na ambaye tayari ana kamera mbili nzima, zamu ya lenzi ndefu imefika. Aanze na milimita 300 ya f/2.8 iliyotumika kabla ya kuiota 400. Suala ni kujua kikosi kina pengo wapi kabla ya kufanya usajili. Klabu ngapi zimesajili straika wa kigeni kwa mbwembwe halafu zikashuka daraja kwa kukosa beki wa kushoto?

Pia miguu ni sehemu ya vifaa. Mpigapicha anayejua timu ipi inashambulia kupitia winga gani, na anayehama goli wakati wa mapumziko kuifuata, anajiongezea milimita bila kulipa hata shilingi. Aliyekaa upande sahihi na 200 atamshinda aliyekaa upande mbaya na 400.

Hata hivyo si haki mzigo huu wote kumwachia kijana mmoja na kibubu chake. Lenzi ya Sh20 milioni ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa chumba cha habari kinachoituma timu uwanjani kila wiki, wala kwa klabu zinazoishi kwa wadhamini wanaotaka nembo zao zionekane kifuani mwa mfungaji. Vyombo vya habari vinaweza kuwa na lenzi mbili tatu za pamoja, zikakatiwa bima na kutolewa kwa zamu kwa mechi kubwa. TFF, Bodi ya Ligi na vyama vya waandishi wanaweza kukaa meza moja wakaona namna ya kuwa na akiba hiyo, kama mipira na vibendera vinavyoandaliwa kabla ya mechi. Kamera ya kila siku iwe ya mpigapicha. Lenzi ya siku kubwa iwe ya wote.

Na wanaozitumia picha wazilipie. Kurasa nyingi za mitandaoni zinachukua picha ya mtu, zinakata jina lake pale chini na kubandika nembo yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyoulinda wimbo. Kila picha inayochukuliwa bure inaisogeza mbali siku ambayo mpigaji wake ataweza kununua kifaa bora. Shabiki naye anaweza kusaidia kwa jambo dogo: akiisambaza picha, asikate jina.

Haya yana haraka yake. AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Mashirika makubwa ya habari ya Ulaya yatashuka na lenzi zao ndefu, kila mpigapicha na kamera mbili au tatu, na bao likifungwa picha zao zitakuwa duniani kabla refa hajaanzisha mpira katikati. Hakuna haja ya kushindana nao kwa urefu wa lenzi, watashinda.

Lakini wao watakuwa wanautazama mpira. Mpigapicha wa nyumbani anamjua yule mzee wa jukwaa la mzunguko ambaye hajakosa mechi ya Taifa Stars tangu uwanja ulipofunguliwa. Anajua kocha akianza kuvua koti kuna jambo, na straika akifunga atakimbilia upande gani. Ujuzi huo haununuliwi kwa dola. Unachohitaji ni kamera iliyo tayari mkononi wakati ile nyingine imeelekezwa kwenye boksi.

Mwenye fedha ya kitu kimoja mwaka huu anunue hiyo.